Uwanda Mtupu

Mtambile, Pemba
3 Februari 2003

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kudhani kuwa ramani ni picha ya nchi. Picha hupigwa na mashine, na mashine haina haya wala upendeleo. Ramani hutolewa na mtu, kama ushahidi unavyotolewa mbele ya kadhi. Yupo aliyeona, yupo aliyeambiwa, na yupo aliyenyamaza.

Nimeanza na hayo kabla ya salamu kwa kuwa ndiyo uliyonitaka niandike. Waalaykumu ssalaam, mwanangu Raniya, na marahaba. Nimefurahi kwamba Jumuiya yetu ya Utafiti wa Ramani na Taarifa inatoa kijitabu, na kwamba mwanafunzi wangu wa zamani ndiye anayekisimamia. Ulitaka nusu ukurasa wa kueleza dhamira yetu kwa Kiswahili chepesi. Ninakuletea zaidi kidogo, wewe utapunguza.

Andika kwamba Jumuiya haikuundwa ili kuuza ramani. Imeundwa kukuza utafiti wa taarifa na wa mifumo ya kijiografia, ili mtu yeyote akiuliza "pale pana nini, na nani anaishi pale?" apate jibu lililochunguzwa. Mifumo hiyo watu huiogopa kwa jina lake tu. Chukua karatasi zinazopitisha mwanga. Ya kwanza chora njia, ya pili visima, ya tatu nyumba, kisha zipange moja juu ya nyingine. Sasa unaweza kuuliza ni nyumba zipi zilizo mbali na maji. Kompyuta hufanya hivyo hivyo, ila yenyewe haichoki na haihitaji chai.

Lakini msomaji aambiwe pia kuwa kompyuta haimsuti mtu. Ukiipa uongo itautunza, na itautoa ukiwa umepigwa pasi.

Mwisho wa barua yako umeniuliza, kama kwa kupitia tu, kuhusu karatasi ya tatu ya Micheweni, niliyoichora Agosti 1996. Upande wa mashariki, baada ya njia panda, niliandika "uwanda mtupu". Ni mawe, mwanangu. Iache kama ilivyo.

Maalim wako,
Talib Soud


Mjini Unguja
9 Februari 2003

Maalim wangu,

Assalaamu alaykum, na shikamoo. Nusu ukurasa wako umefika ukiwa kurasa tatu. Mkurugenzi amecheka mpaka akavua miwani, akasema, "Maalim Talib ukimwuliza saa ngapi, atakufundisha kwanza jua." Tutazichapa zote tatu.

Nisamehe, nalirudia lile swali. Tumepata picha zilizopigwa kutoka angani mwaka juzi. Nimeiweka karatasi yako ya tatu juu ya picha, kama ulivyotufundisha, na pale palipoandikwa "uwanda mtupu" naona minazi. Naona mapaa, kwa hesabu yangu thelathini au zaidi. Lipo pia jengo moja lililokaa upande tofauti na mengine, limeelekea kibla.

Ningeweza kungoja, lakini mradi wa maji hauwezi. Wafadhili wameomba ramani zetu, na mabomba yatafuata nyumba zilizomo humo. Pasipo na nyumba kwenye karatasi, hapana bomba. Orodha inafungwa Alhamisi tarehe 13 Machi, saa tisa alasiri.

Pengine watu wamehamia pale baada ya wewe kupita?

Nakupa mkono wa Iddi kabla haijafika.

Mwanafunzi wako,
Raniya Muadh


Mtambile
15 Februari 2003

Mwanangu Raniya,

Iddi imetukuta salama. Nyama ilikuwa nyingi na meno yangu machache.

Naam, ni kama ulivyosema. Lazima wamehamia baadaye. Tangu kilimo cha mwani kishamiri kule kaskazini, watu wamesogea pwani, maana mwani mbichi ni mzito na hakuna apendaye kuubeba mbali. Makazi hayafuati ardhi nzuri peke yake, hufuata kazi. Hata huku kwetu, karafuu zinapozaa vizuri, vibanda huota vichakani kama uyoga, na msimu ukipita havionekani. Mtafiti asistaajabu kuona paa mahali ambapo miaka saba nyuma hapakuwa na paa.

Basi andika "makazi mapya, baada ya 1996". Itatosha.

Usijisumbue kwenda. Njia ni mbaya, na watu wa huko ni wagumu kwa mgeni.

Nimeianza barua hii mara tatu. Kalamu zinazouzwa siku hizi hazifai.

Talib Soud


Micheweni
24 Februari 2003

Maalim,

Shikamoo. Nimekwenda. Unisamehe kwa kutokukusikiliza, lakini ukiandika "makazi mapya" mradi unayapeleka awamu ya pili, na awamu ya pili haijapata mfadhili.

Mahali hapo panaitwa Miambani. Niliwakuta wanawake wakigeuza mwani juani. Bibi mmoja alikuwa amekaa juu ya jiwe, bakora mapajani, akiwasimamia kwa mdomo. Akaniita.

"Wewe binti wa nani?"

"Wa Muadh, wa Wete."

"Umekuja kutuhesabu? Mbona kura bado?"

"Si kura, bibi. Ni ramani."

"Ramani! Enhe, tumo?"

Nikasema kweli. Hamumo.

Akawageukia wenzake. "Jamani, mwasikia? Kumbe sote ni majini! Mwatum, ndo maana mumeo kila siku akwambia hakuoni!"

Walicheka mpaka wakaangusha mwani. Kisha akaniuliza nani alochora. Nikakutaja. Kicheko kikakatika, Maalim, kama bomba lililofungwa. Nikamwuliza kama anakujua.

"Talib? Namjua toka hajaota meno. Mie ndo nilombeba mgongoni, mama akenda shamba."

Jina lake Bi Siti Soud. Sikuwahi kujua kuwa una dada.

Alinionyesha msikiti. Juu ya mlango imeandikwa 1951. Alinionyesha kaburi la mumewe, Nassor, aliyefariki Agosti 1996. Akasema siku ile ya maziko ndugu yake alikuwa Micheweni, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Sikumwuliza zaidi. Na wewe sikuulizi.

Wanachota maji pangoni, kwa ngazi zilizochongwa kwenye jiwe. Nilishuka nikishika ukuta, na mikono yangu ilikuwa mitupu. Wao hupanda na ndoo kichwani. Bi Siti alianguka hapo mwaka 1999, na nyonga haijapona hadi leo. Wiki iliyopita kaanguka mwingine, mjamzito. Alhamdulillahi, kasalimika yeye na mimba yake.

Nimekwenda ofisi ya mradi. Wanasema karatasi ya 1996 ina saini, basi haisahihishwi ila kwa saini ile ile, na sababu ya kosa iandikwe. Mimi siwezi kuiongeza Miambani kwa mkono wangu. Unajua ukoo wetu ulikuwa na mashamba gani kabla ya Mapinduzi, na unajua sasa tunahesabiwa upande upi. Watasema binti wa Muadh kaingiza watu wa chama chake, na orodha nzima itatiliwa shaka, vijiji vyote.

Ninakuletea fomu. Nimeiandika yote isipokuwa sababu na saini. Ukipenda, kwenye sababu tutaweka "kosa la kunakili". Hakuna atakayeuliza. Muafaka wa vyama viwili umeshatiwa saini, watu wanataka kusahau.

Mwanafunzi wako,
Raniya


Mtambile
28 Februari 2003

Dada Siti,

Assalaamu alaykum. Sijui kama utaisoma hii au utaiwashia moto. Nimewaandikia watu barua maisha yangu yote, na kwako sijui nianze vipi.

Yule binti aliyekuja hajui. Nilimwambia kwenu ni mawe matupu. Aliponiuliza tena nikamwambia mmehamia juzi. Nilimfundisha mimi mwenyewe kwamba mtafiti asiseme asichokiona, halafu nikamdanganya mara mbili katika mwezi mmoja.

Nitakueleza ilivyokuwa, na sitapunguza.

Unaukumbuka mwaka ule. Baada ya kura, upande wetu na upande wenu tuligomeana. Hatukununua duka moja, hatukuswali msikiti mmoja, na sisi tuliapa kwa midomo yetu kuwa hatutazikana. Mimi niliapa. Sikulazimishwa na mtu. Nilikuwa mwalimu, nimesoma, nikaona kiapo kile ni msimamo.

Jumuiya ikanituma Micheweni kuandika majina ya vitongoji na visima. Nilifikia kwa Jecha, mtu wa upande wetu. Siku ya tatu tuko barazani kwake, akaja mtu akasema Nassor wa Miambani amefariki, anazikwa baada ya Alasiri. Jecha akaniangalia usoni. Aliijua nasaba yetu. Wengine wote wakaniangalia. Nikasema, "Mwenyezi Mungu amrehemu," nikaomba kikombe cha pili cha kahawa.

Nilikinywa chote, Siti.

Asubuhi yake kazi yangu ilikuwa ni kuja Miambani. Nilitoka na daftari na penseli, nikafika njia panda. Nikasikia watu wanasoma hitima. Nikajiuliza: nitaingiaje pale kuuliza majina ya visima, na jeneza la shemeji yangu sikulitia bega? Utanitazama, na kila mtu atanitazama. Nikakaa chini ya kivuli cha ukuta wa mawe mpaka jua likapinda. Kisha nikaandika "uwanda mtupu", nikarudi kwa Jecha, nikamwambia nimemaliza.

Ningeweza kusema chama ndicho kilichowafuta. Si kweli. Chama kilinizuia kuja maziko. Kuwafuta kwenye karatasi niliwafuta mimi, kwa kuona haya. Sikutaka hata pawepo mahali palipoitwa Miambani.

Habari ya nyonga yako nimeipata kwa Raniya. Nilikuwa sijui. Sikuuliza, ndiyo maana sikujua.

Kuna fomu ya kusahihisha. Raniya, kwa kunihurumia, anataka tuandike kuwa ni kosa la kunakili. Nakuomba unishauri. Na nakuomba radhi.

Ndugu yako,
Talib


Miambani
5 Machi 2003

Talib,

Barua hii anaiandika mkwe wangu Ummkulthum, nami nasema. Nimemwambia asinisafishie maneno.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza nilisema itiwe motoni. Mara ya pili nikasema iwekwe.

Ulikuwa ntoto mwenye kueleza mambo tangu mdogo. Ukivunja chungu, wengine hukimbia, wewe hukaa ukaeleza udongo ulivyokuwa. Basi leo umeeleza vizuri. Sasa je?

Radhi unayoiomba nitaiangalia. Sina haraka nayo, nimekaa na hasira miaka saba, tumezoeana. Nassor alikuulizia siku mbili kabla hajafa. Alisema, "Talib yuko Micheweni, atakuja." Nikamwambia ndiyo, atakuja. Uongo huo nimeubeba mie, maana yeye alikufa akikungoja, macho mlangoni.

Lakini haya ni yangu na yako. Maji si yangu na yako. Hapa pana nyumba thelathini na nne. Mwatum hakuwa na haja na chama chako wala changu, nawe umemfuta. Na nikwambie usilolijua: Mzee Kombo na nduguye Shaame walikuwa upande wako, kadi wanazo, walikaa humu humu wakitukanwa na sisi kwa ajili yenu. Nao umewafuta. Kalamu yako haikubagua, hongera.

Ati kosa la kunakili! Nakala ya nini? Ulinakili kutoka wapi? Andika ulivyofanya. Ukiandika uongo wa pili juu ya wa kwanza, kesho atakuja mwengine aseme karatasi yenyewe haieleweki, na sisi tutarudi kuwa majini.

Kisha usihesabu nyumba ukiwa Mtambile. Njoo upite mlango kwa mlango. Kila mlango useme wewe ni nani.

Siti binti Soud


Miambani
12 Machi 2003

Mwanangu Raniya,

Assalaamu alaykum. Ninaandika nikiwa nimekaa juu ya jiwe, nje ya nyumba ya dada yangu. Ndani sijaingia. Nilipofika juzi alisema, "Kaa hapo," nikakaa. Kahawa imeletwa na Ummkulthum. Bi Siti ameongea nami kuhusu mipaka ya minazi na kuhusu bei ya mwani. Kuhusu Nassor hajafungua mdomo, na mimi sina haki ya kuufungua wangu.

Kabla ya kutoka Mtambile alinijia Jecha, baada ya kusikia ninachotaka kukiri. Naye sasa kahamia kusini kwa mwanawe. "Maalim, unatuvua nguo mbele ya watu," aliniambia. Nikamjibu, "Najivua mimi, Bwana Jecha. Yako ibaki mwilini." Hakucheka. Swala ya Ijumaa hakunipa mkono, na walikuwa wengi waliofanya kama yeye. Nadhani nitazoea. Watu wa Miambani walizoea.

Nimepita nyumba zote thelathini na nne. Kila mlango nilisema jina langu na nilichofanya. Kwa Bi Mwatum nilipewa kiti na kutukanwa kwa wakati mmoja. Kwa wengine wawili mlango ulifungwa, nikaandika jina kwa kuambiwa na jirani, na pembeni nimeweka alama kuwa sikuliona kwa macho. Mzee Kombo alitoa kadi ya chama kwenye sanduku, akaniwekea mkononi. "Wao walinifukuza shughulini mwao kwa hii," akasema, "na wewe mwenye kadi kama hii ukasema sipo." Nikamrudishia kadi, nikaliandika jina lake. Ni mara ya kwanza, nadhani, mimi kukosa maelezo.

Pangoni nimeshuka. Ngazi ya sita kutoka chini imelika, ndiyo iliyomwangusha dada yangu na ndiyo iliyomwangusha yule mwenye mimba. Nimeipima na kuitia kwenye karatasi, kwa sababu hata bomba likija, litakatika siku moja, na watu watarudi huku.

Fomu hii hapa. Sababu nimeiandika hivi, na naomba pasibadilishwe neno:

"Mimi Talib Soud, niliyechora na kutia saini karatasi ya tatu ya Micheweni, Agosti 1996, nakiri kuwa sikukosea. Nilijua kuwa Miambani ipo na watu wake nawajua. Niliiacha kwa makusudi, wakati wa kugomeana, kwa kuwa wengi wao walikuwa wa upande mwingine na kwa kuwa niliona haya kuingia kwao. Hakuna aliyeniamuru. Nyumba ni thelathini na nne, msikiti mmoja, pango la maji moja. Majina yameambatanishwa."

Mkurugenzi atasema inaiharibia Jumuiya jina. Anaweza kuwa na haki. Mwambie aniondoe katika orodha ya waanzilishi, na zile kurasa zangu tatu azitoe kwenye kijitabu, sikuwa mtu wa kuziandika. Dhamira ya Jumuiya iandike wewe, maana uliiona picha, ukauliza, ukajibiwa na mzee unayemheshimu, na bado ukaenda kutazama. Na karatasi zangu nyingine za mwaka ule zikaguliwe zote. Nakumbuka kuwa nilikwenda kwingine kote, lakini usiniamini kwa kukumbuka kwangu.

Wewe pia nimekukosea, na kwako naomba radhi bila ya masharti. Niliitumia heshima yako kwangu kama pazia.

Maher, kijana wa hapa, anapanda boti ya asubuhi na atakukabidhi bahasha hii kabla ya adhuhuri, Alhamisi. Orodha inafungwa saa tisa. Usiiache kwa katibu, usingoje mkurugenzi arudi kutoka msikitini, usiisome mara ya pili. Ichukue fomu leo hii, uipeleke ofisi ya mradi kwa mkono wako, na usiondoke mpaka wakupe risiti yenye muhuri.

Talib Soud